Jina la Mti na Deni la Aliyelitoa

Katika Kitabu cha Mwanzo, Adamu ndiye anayewapa wanyama majina, ilhali katika Sura ya al-Baqara Mwenyezi Mungu ndiye anayemfundisha Adamu majina yote, na malaika wenyewe wanakiri kuwa hawana elimu isipokuwa ile waliyofunzwa. Simulizi hii ya pili ina uzito mkubwa kwa elimu ya mimea, kwani ikiwa jina hufundishwa, basi mwenye kulitoa ni mwanafunzi, na mwanafunzi ana deni kwa waliomfunza.

John Kirk, daktari wa Uskoti ambaye baadaye aliiwakilisha Uingereza huko Zanzibar, alikusanya mimea katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, na hata mtumbwi wake ulipopinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa mwaka 1860, madaftari na michoro yake ikapotea, hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 1868 Daniel Oliver wa Bustani ya Kew aliipa jina la Kirkia jenasi moja ya miti, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, na mtambaa mmoja wa jamaa ya mibungo, ambao utomvu wake ulitengenezwa mpira, nao ukaitwa Landolphia kirkii. Kirk hakujipa heshima hiyo mwenyewe, alipewa na wenzake, na shukrani ya namna hiyo haina lawama.

Lawama huanza shukrani inapokomea kwa mtu mmoja. Mizizi minene ya Kirkia acuminata huhifadhi maji, na wenyeji huichimba wakati wa ukame wakapata cha kunywa. Maarifa hayo hayakutoka Kew, wala hayaonekani katika tawi lililokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi.

Mwaka 2024 mkutano wa wanabotania mjini Madrid uliamua kwamba neno caffra, ambalo asili yake ni tusi kwa Waafrika, ligeuzwe kuwa affra katika majina ya mimea, na uamuzi huo ni wa haki kabisa. Jina la Kirk, hata hivyo, si tusi, na kulifuta hakutamlipa aliyeujua mti ule kabla yake. Watunzi wa vitabu vya mimea na waandike kando ya kila jina la Kilatini jina la kienyeji, lugha yake na matumizi ya mmea, tena wafanye hivyo sasa, wazee wanaoyajua wangali hai.