Mzee Akisimulia, Umuulize Nini?

Unaweza kuwa na urafiki na kitabu ambacho mwandishi wake humkubali? Nauliza kwa sababu kila nikirudi kwenye Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, nafurahi, halafu ile furaha yenyewe inanisumbua.

Tippu Tip aliandika uzeeni, akiwa Unguja, misafara imeshakwisha. Aliyemhimiza ni Mjerumani, Heinrich Brode. Mzee akaandika kwa hati za Kiarabu, Brode akayageuza kwa herufi za Kirumi, yakachapwa Berlin 1902 na 1903. Mwaka 1905 mzee akafariki. Yaani asingepatikana mtu wa kumwambia "hebu andika", pengine tusingekuwa na kitu. Uzee unataka msikilizaji.

Na kweli kitabu ni kitamu. Kiswahili chake hakijipambi: walikwenda, walifika, walipigana, waliuza. Tabora imo kama nyumbani, maana baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na maskani huko na alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Pembe zinapimwa kwa frasila, wadai na wadaiwa wanatajwa kwa majina.

Sasa wapagazi je? Njia ya Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji ilikuwa juu ya mabega yao, wengi wakiwa Wanyamwezi. Njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Kitabuni wapagazi mara nyingi ni idadi tu. Mzee anasimulia mwenyewe alivyowakamata Wazaramo kwa nguvu wambebee mizigo, hadi wakamwita Kingugwa, jina la mnyama mkali. Anasimulia bila majuto.

Wapo watakaosema tukitupe. Wengine watasema tufurahie lugha, mengine tuyaache. Mimi siko na yeyote kati yao. Mzee akizungumza, adabu ni kumsikiliza mpaka amalize. Lakini kumsikiliza si kumuitikia kila neno. Rafiki wa kweli atamngoja apumue, kisha amuulize: na wale wengine, mzee? Kwa kuwa Tippu Tip hawezi tena kujibu, swali hilo tulipeleke kwenye vitabu vingine. Mimi humsoma pamoja na Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, kilichotoka 1934, cha mtu wa ukoo wa watumwa waliokombolewa. Kimoja hakifuti kingine, ila ukivisoma pamoja hakuna anayebaki peke yake na ukweli.

Kinachoniuma zaidi ni Brode. Alifanya jambo jema: alikaa na mzee akamsikiliza. Ila mzee mwenyewe alikuwa tajiri na maarufu. Nani alikwenda kukaa hivyo na mpagazi aliyezeekea Unyanyembe, mabega yana sugu, kichwa kimejaa safari? Sisi waandishi wa habari bado tunafanya vilevile, tunamfuata mzee mwenye jina. Kama kwenu yupo bibi au babu aliyehadithiwa na wakubwa wake habari za upagazi, usingoje awe maarufu. Kaa naye, na kalamu iwe karibu.