Mpira wa Kikapu na Amana ya Mzazi

Ndugu zangu, huko Maseno, karibu na Kisumu, ipo skuli iliyoasisiwa na wamisionari mwaka 1906, na wanafunzi wake hucheza mpira wa kikapu. Mchezo huu aliubuni mwalimu James Naismith huko Marekani mwaka 1891, na katika kanuni zake za kwanza alikataza kusukumana. Basi adabu imo ndani yake, wala hatuuharimishi. Mchezaji na ahudhurie mazoezi, amtii mwamuzi, asiyaache masomo. Lakini mzazi wa Kiislamu humwendea mwalimu kwa hamaki: "Mbona mwanangu hachezeshwi?" Saa ya mazoezi aghlabu ndiyo saa ya Alasiri, je, amemwuliza mwanawe aliisali wapi? Na akimtukana mwamuzi mbele ya umati, adabu ya mtoto ameiweka mikononi mwa nani?