Wanaombemenda Mtoto Ni Ninyi

Sikieni, enyi mlioketi barazani mkihesabu dhambi za mama wa watu. Sikieni, mawifi na mama wakwe, nawe baba unayetoka nje kupokea simu kila mtoto huyu anapotajwa. Chumba cha uani kina mtoto wa mwaka na miezi minane. Shingo haijakaza. Ukimnyanyua, miguu inakakamaa na kupishana, na vidole gumba vimejificha ndani ya ngumi. Mnamjua. Mlikula pilau ya arobaini yake. Na hukumu mmekwisha kuitoa: amebemendwa.

Mmesema mama yake alirudi kwa mwanamume kabla ya wakati, au baba alitoka nje ya ndoa akaja kumpakata mtoto. Mmelipitisha hilo bila shahidi wala haya. Sasa tazameni lilivyofanya kazi. Mama aliyesemwa hivyo hataki tena mwanawe aonekane. Akipanda daladala humfunika kitenge hadi usoni. Akifika kliniki nesi akamuuliza, "Anaendeleaje?" anajibu, "Hajambo," kwa sababu kusema mtoto hakai ni kukiri uzinzi mbele ya benchi zima. Mmemziba mdomo mtu pekee anayelala na mtoto huyo, anayejua kila asichoweza. Na siku habari zikivuja, mtakuwa wa kwanza kusema mama alimficha!

Mtoto yule pengine alikosa hewa siku ya kuzaliwa, ubongo ukaumia. Pengine alipata manjano makali wiki ya kwanza, bibi akaagiza aanikwe jua la asubuhi, naye alipaswa kulazwa wodini chini ya taa ya bluu. Pengine ni malaria iliyopanda kichwani, degedege likampiga, mkamfukizia moshi hadi alfajiri na hospitali ipo. Nimetafuta kitanda cha wazazi wake katika orodha hiyo, sijakiona.

Ole wenu pia ninyi wapole. Maana wapo wasiomlaumu mtu, kazi yao kufariji: "Atatembea tu." "Wa kiume huchelewa kusema." "Hata baba yake alisema ana miaka minne, na leo ni mhasibu." Mimi faraja hii naiogopa kuliko masengenyo. Masengenyo mama huyakimbia. Faraja huikalia, miezi ikapita.

Hiyo "atatembea tu" ina mwisho, na mwisho wake umepimwa. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa matokeo: kufikia miezi 9 na siku chache karibu wote walikuwa wakikaa bila kuegemezwa, na kufikia miezi 17 na nusu karibu wote walikuwa wakitembea wenyewe. Msiniambie hivyo ni vipimo vya Wazungu. Someni tena majina ya nchi. Ni kweli kila mtoto na wakati wake, wapo waliotembea wakiwa na miezi minane. Wakati huo ni mpana, lakini una ukuta, na mtoto akiupita, mtu mzima anayeendelea kungoja anamtelekeza.

Na maneno? Mtoto wa mwaka na nusu hana hata neno moja, mnacheka mnasema bubu wa mama. Wa miaka miwili haunganishi mawili, hawezi kusema "mama maji". Mwingine anazungusha gurudumu la kigari saa nzima, hamtazami mtu, haonyeshi kitu kwa kidole. Mwingine alikuwa akisema "baba", kisha akaacha; huyo asingoje hata tarehe ya kliniki ijayo, apelekwe wiki hii. Na yule mnayemwita mkaidi kwa kuwa haitiki, mnayempiga makofi ya mgongo, simameni nyuma yake asipowaona mgonge sufuria. Asipogeuka, jueni huenda mmekuwa mkimchapa kwa sababu hasikii.

Nanyi mnaopima uzito, msidhani nimewasahau. Mizani inaning'inia kwenye boriti ya varanda, mtoto anavishwa ile bukta ya kupimia, kilo zinatajwa kwa sauti, nukta inatiwa kwenye kadi. Ikiangukia kwenye kijani, "Anayefuata!" Mtoto asiyeweza kukaa naye ana kilo, tena za kutosha. Hamkumtazama alivyomlegea mama yake mikononi, wala hamkuuliza kama anacheka akichekewa. Najua foleni imefika getini na nesi ni mmoja. Hilo ni la wakubwa, waliozindua kwa shangwe Dodoma, Desemba 2021, programu ya miaka mitano ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Waende zahanati moja ya kijiji, bila msafara, waulize nani pale anaweza kumpima mtoto kwa kitu kingine zaidi ya mizani.

Lakini wazazi nao! Chanjo ya pili ya surua ikishachomwa, miezi 18, kadi inaingia kabatini chini ya vitenge na haitoki tena hadi siku ya kuandikishwa shule. Mnaacha kliniki umri uleule ambao usemi wa mtoto ndio unaanza kufichua kilichojificha.

Dua sizikatazi. Shehe na asome kombe, mchungaji na aweke mikono. Ila atakayewaambia ni pepo, msirudi hospitali, huyo anakula umri wa mtoto. Na wale wanaomfukia mtoto mchangani hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu, au kumkata utando wa chini ya ulimi ili aseme, waache. Ubongo hautibiwi kwa mchanga wala kwa wembe.

Siwaahidi muujiza. Mtindio wa ubongo haufutiki. Lakini mtaalamu wa mazoezi tiba akimpata mtoto mapema, humfundisha mama namna ya kumkalisha, kumbeba na kumlisha asipaliwe, na mtoto aliyekuwa wa kulala tu huweza kujifunza kukaa na kushika kijiko. Mguu kifundo ukianza kufungwa plasta wiki za mwanzo, hunyooka kwa wiki chache, kisha ni viatu maalumu vya kulalia vya miaka kadhaa. Mkisubiri hadi aanze shule, mara nyingi mnaongea habari ya kisu. Asiyesikia, akigunduliwa mchanga, hupata lugha, ya mdomo au ya alama. Akigunduliwa darasa la kwanza, miaka yote hiyo ameishi bila lugha yoyote.

Basi Jumatatu kliniki iko wazi, na kwa sera mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi katika hospitali ya serikali. Wewe mama mkwe, mkoba ubebe wewe. Kaa naye benchi lilelile, kitenge kiteremke mabegani. Nawe baba uwepo, uache kusema ukoo wenu hauna ulemavu. Daktari akiuliza kama mtoto alilia alipozaliwa, asijibu mama peke yake. Wewe bibi ulikuwa pale mlangoni mwa leba, unajua dakika zile zilivyokuwa. Sema.