Amekuwa hivi tangu lini?

 

Somo letu mwezi huu ni Injili ya Marko, sura ya 9, mstari wa 14 hadi 29. Baba mmoja alimleta kijana wake mgonjwa. Sisi wahubiri hukimbilia mwisho, pale kijana anapoinuka, lakini leo naomba tusimame kwenye mstari wa 21. Kabla ya kufanya lolote, Yesu anamwuliza yule baba mtoto amekuwa hivi tangu lini. Yeye ajuaye yote aliuliza! Na baba hakuficha. Alisema tangu utoto, akataja moto, akataja maji, mbele ya umati na waandishi waliokuwa wakibishana.

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba mtoto mwenye usonji, ambao waliosoma Kifaransa wanauita otisimu, ana pepo. Ninachukua lile swali tu, kwa sababu niliulizwa mimi pia, nikajibu uongo.

Mtoto wetu wa nne alizaliwa hapa Nakivale. Alipofika miaka mitatu alikuwa haitiki akiitwa, hatutazami usoni, hanyooshi kidole kutuonyesha kitu. Aliweza kuzungusha kifuniko cha jerikeni kutwa nzima. Maneno mawili aliyokuwa nayo yalipotea. Majirani walisema mengi: laana, pepo, hofu aliyoipata mama yake njiani. Tukapewa karatasi ya rufaa.

Siku ya kupimwa nilivaa koti la Jumapili. Daktari akauliza, "Anaita mama?" Nikasema anaita. "Anacheza na wenzake?" Nikasema anacheza vizuri. Mke wangu alinyamaza akaangalia sakafu. Niliona aibu, mchungaji anayeombea watoto wa wengine! Tena nilikuwa na hofu ya pili, ambayo wengi wenu mnaijua: kwamba jina la ugonjwa likiandikwa litaharibu kesi yetu ya kwenda nje. Tulipotoka akaniuliza, "Baba watoto, ulikuwa unamtetea mtoto, au ulikuwa unajitetea?" Tulirudi na jibu kwamba tusubiri akue. Mwaka mzima ukapita bure, na kosa lilikuwa langu.

Wapo pia wanaoongeza chumvi, wakitumaini kwamba ugonjwa utaharakisha kesi. Huo ni uongo uleule, na anayelipa ni mtoto.

Ndugu zangu, usonji hauonekani katika damu wala katika picha ya kichwa. Anayepima humtazama mtoto anavyocheza, kisha husikiliza wazazi. Ukimdanganya umemfunga macho. Kwa hiyo kabla ya siku ile kaeni wawili, baba na mama, na daftari. Andikeni mimba ilivyokuwa, kama mtoto alilia alipozaliwa, alikaa lini, alitembea lini, neno la kwanza lilikuwa lipi na kama lilipotea. Je, alipata degedege? Analalaje? Anakataa chakula gani, na nini humfanya apige kelele? Andikeni na mazuri. Wetu hutoa kwa pua sauti ya pambio zote za kwaya bila kukosea, ingawa hasemi.

Wengi tulipoteza kadi za kliniki katika kukimbia. Basi hesabuni kwa maisha yetu wenyewe: alikaa kabla hatujavuka mpaka, alitembea tulipovuna mahindi ya kwanza hapa. Hiyo nayo ni tarehe.

Ombeni mkalimani mapema. Madaktari wengi hapa wanasema Kiingereza na Kinyankore, sisi tuna Kiswahili, Kibembe, Kinyarwanda. Tafuteni mtu mzima anayetunza siri. Msimtumie dada yake wa miaka kumi, haya si maneno ya kumtwika mtoto mwenzake. Wakitaka kupima masikio kwanza, kubalini. Bebeni maji, chakula anachokikubali, na kile kitu anachopenda kushika, maana foleni ni ndefu.

Mkiambiwa kwamba lugha nyingi ndizo zilizomchanganya, msikubali. Lugha nyingi hazileti usonji. Wala chanjo hazileti, wala hofu ya mama. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili. Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, lakini mtoto anafundishika, na kuanza mapema kunasaidia. Maombi yaendelee. Ila kumfungisha mtoto chakula, au kumfunga kamba ili aombewe, hilo katika kanisa hili nalikataza.

Tuliporudi mara ya pili sikuvaa koti. Daktari mwingine akauliza swali lile la Marko, kama vile alilisoma asubuhi. Mke wangu akafungua daftari akaanza kusoma, kurasa sita. Mimi nilimpakata mtoto, naye akizungusha kifuniko chake.

Mwenye karatasi ya rufaa mwezi huu apite nyumbani kwetu baada ya ibada ya Jumatano, aje na daftari tuandike pamoja. Kama hajui kuandika, mke wangu atamwandikia.

Ndimi mchungaji wenu.