Mwacha Asili ni Mtumwa: Na Aliyefichwa Asili Yake Je?

Methali hii tumeigeuza fimbo. Kijana akirudi kutoka mjini akapita wazee bila kuamkia, au akiona haya kusema lugha ya bibi yake, huchapwa nayo. Na pengine anastahili. Lakini mtu hawezi kuiacha asili asiyoijua. Basi tuseme nini juu ya yule ambaye wengine waliamua asiijue?

Katika majimbo mengi ya Marekani, mtoto akiasiliwa hupewa cheti kipya cha kuzaliwa. Ukikisoma, utakuta majina ya walezi pale penye nafasi ya waliomzaa, kana kwamba mama mlezi ndiye aliyeingia leba siku ile. Cheti cha kwanza hutiwa kabatini. New York ilivifungia vyeti hivyo tangu miaka ya 1930. Hata mtu mwenye wajukuu ilimpasa aende mahakamani kuomba ruhusa ya kulijua jina la mama yake. Sheria mpya ilianza kutumika tarehe 15 Januari 2020: aliyetimiza miaka 18 huomba nakala, akapewa.

Pwani yetu inalielewa jambo hili. Mtumwa hakuwa mtu wa kufanyishwa kazi tu. Alikatwa na ukoo wake, akapachikwa jina na bwana wake, na habari za kwao zikafia njiani. Simwiti aliyeasiliwa mtumwa wa walezi wake, hasha! Kuzaa si kazi, kazi kulea, na anayetafuta cheti hawakani waliomlea. Lakini mtu mzima anayemwomba ofisa ruhusa ya kujua alizaliwa na nani, uungwana wake una kasoro, na kasoro hiyo hakujitia mwenyewe.

Wapo wanaowatetea akina mama walioahidiwa siri. Hoja hiyo ina uzito, maana aibu ya enzi zile haikuwa ndogo. Wapiga kura wa Oregon walipokubali mwaka 1998 vyeti vifunguliwe, baadhi ya akina mama walikwenda mahakamani kupinga, wakashindwa. Hata hivyo, jimbo hilo humpa mama fomu ya kueleza kama yuko tayari kutafutwa, kama angependa atafutwe kupitia mtu wa kati, au kama hataki kabisa. Mtoto anapata karatasi yake. Kupokewa ni shauri jingine.

Kansas haikuwahi kuwafungia watu wazima vyeti vyao, na watoto wanaendelea kuasiliwa huko hadi leo.