Nani Alikuwa Kashika Usukani?

Ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, huu ni mwaka wake wa 20 London. Gari alilolinunua kwa jasho lake liko Tanga, kwa mama yake. Kadi ya gari ina jina lake. Ufunguo umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa ukumbini, na huuchukua yeyote mwenye haja na mwenye leseni: dada yake, shemeji yake, na wapwa zake wawili waliokwisha pevuka. Ni gari la familia kwa maana tuijuayo sote, yaani mnunuzi ni mmoja na wenyewe ni wengi.

Usiku arudipo kazini hufungua simu, akaandika namba za gari lile katika mtandao wa polisi wa usalama barabarani wa Tanzania Bara, apate kujua kama linadaiwa. Zamani trafiki aliandika kosa katika karatasi, na karatasi ikaishia mfukoni mwa dereva. Siku hizi huliandika katika mashine ya mkononi, na deni huliganda gari lenyewe, pamoja na tarehe, mahali na aina ya kosa. Hulipwa kwa namba ya malipo, kwa simu au benki, na likicheleweshwa hupanda. Basi mtu aliyeko ughaibuni aweza kujua, hata kabla mama yake hajajua, kwamba Jumamosi gari lake lilipita mahali fulani kwa mwendo usioruhusiwa. Asichoonyeshwa ni sura ya aliyekuwa kalishika.

Njia ya Chalinze hadi Segera, aliyepata kuipita anaijua. Vijiji vimefuatana, kila kijiji na kibao chake cha kilomita 50 kwa saa, na mbele kidogo ya kibao, mara nyingi kivulini, yupo askari na tochi yake. Ndugu yangu alikuta makosa matatu ya siku moja katika njia hiyo, kila moja shilingi 30,000. Alimtumia fedha rafiki yake wa Dar es Salaam, zikalipwa zote 90,000, na nyumbani Tanga hakuambiwa mtu. Baada ya miezi miwili likatokea la nne, safari hii Tanga mjini: kutosimama penye kivuko cha waenda kwa miguu. Hapo ndipo aliponipigia simu. Akaniuliza, "Nikilipa nikanyamaza, nimetenda wema au nimetenda ubaya?"

Nilimjibu upesi, nami sasa najuta kwa upesi ule. Nilimkumbusha habari ya Abu Qatada, sahaba aliyejitwika deni la maiti ili Mtume akubali kumsalia. Kulipa deni la mwenzio, nikamwambia, ni katika mambo mema kabisa, na kumsitiri jamaa ni mema juu ya mema. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini yule alikopa. Huyu hakukopa."

Nilipoweka simu nikaona kwamba lugha ndiyo iliyonipoteza. Twasema "gari linadaiwa", twasema "nina deni la trafiki". Faini tumeipokea kutoka kwa Mwingereza, na tulipoipokea tukaikalisha pamoja na deni la dukani na kodi ya nyumba. Ilhali deni na adhabu ni vitu viwili. Deni humkomboa mwenye kudai. Hajali fedha zimetoka mfuko gani. Adhabu humtafuta mtu. Shilingi 30,000 zilizotoka London hazikumgusa yule aliyepita kivukoni, na kile kivuko hakikuwekwa kwa ajili ya kuingiza shilingi 30,000. Kimewekwa kwa ajili ya mtoto anayevuka na mkoba wa shule.

Hata hivyo nisingependa tuidharau familia inayolipa, kwani ina asili tukufu. Katika fiqhi, mtu akiua kwa bahati mbaya, dia haimwelemei peke yake. Hubebwa na jamaa zake wa upande wa baba, waitwao aqila, na hupewa miaka 3 kuimaliza. (Mfasiri hawezi kuliacha neno hili lipite hivi hivi. Asili yake ni kufunga kamba: ngamia wa dia walikuwa wakifungwa uani kwa waliofiwa. Kutoka mzizi uo huo tukapata neno akili, ile iliyomfunga mtu asitoroke na matamanio yake.) Lakini tazameni sharti lake. Aqila hawambebei aliyekusudia. Hata huyo aliyekosea bila kukusudia hubebwa akijulikana ni nani, na wanaochanga wanamjua, naye anajua kwamba wamechanga. Wanaume wa ukoo waliotoa ngamia kwa ajili ya uzembe wa kijana wao bila shaka walikuwa na neno la kumwambia. Mashine ya trafiki imetuletea aqila wa namna mpya, ukoo wa namba za gari, ambamo mmoja hulipa gizani na mwingine huendesha gizani.

Ndugu yangu anaishi katika nchi iliyolitatua jambo hili kwa ukali. Uingereza, kifungu cha 172 cha sheria ya barabara ya mwaka 1988 chamtaka mwenye gari amtaje aliyekuwa akiendesha. Kamera ikishalinasa gari, barua humjia mwenye gari ndani ya siku 14, naye ana siku 28 za kujibu. Kutojibu nako ni kosa. Watu wawili, O'Halloran na Francis, waliifikisha kesi yao Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu wakidai haki ya kunyamaza, na mwaka 2007 wakashindwa. Wajerumani wameona vingine: wao humruhusu mtu akatae kumshuhudilia jamaa yake wa karibu. Moyo wangu uko huko kwa Wajerumani, nakiri. Lakini si rahisi kuisahau habari ya Chris Huhne, mwanasiasa wa Uingereza. Mwaka 2003 gari lake lilinaswa na kamera, na mkewe, Vicky Pryce, akajitwika kosa ili alama za adhabu zisiandikwe kwenye leseni ya mumewe. Ndoa ikavunjika, siri ikatoka, Huhne akajiuzulu uwaziri, na mwaka 2013 kila mmoja wao alihukumiwa miezi 8 jela. Mwendo wa kasi peke yake usingemfikisha mtu huko. Waliadhibiwa kwa kuipotosha haki.

Nikampigia ndugu yangu simu, nikalifuta jibu langu la kwanza. Nikamwambia: uliza. Usiulize ili urudishiwe fedha. Uliza kwa sababu kosa lina mwenyewe, na kumlipia mtu asiyejua kwamba amelipiwa si kumsitiri. Alisita. Alichelea kuonekana anawahesabia, mtu wa Ulaya anayechungulia gari lake kwa simu. Tukaendelea kujadiliana, na lile deni la kivukoni likapanda hadi 37,500.

Aliuliza siku ya Ijumaa baada ya Isha, wote wakiwapo ukumbini na simu imewekwa sauti. Alizitaja tarehe na mahali, akasema makosa matatu ya kwanza keshayalipa. Pakawa kimya. Aliyejibu ni mama mdogo. "Ni mimi, mwanangu. Mimi ndiye niliyemharakisha dereva. Mgongo ulikuwa unaniuma." Mama mdogo hajapata kushika usukani maisha yake yote, na siku ya kivuko hakutoka nyumbani. Kila aliyekuwapo alilijua hilo. Nilipohadithiwa, nilimkumbuka Vicky Pryce, nikaona namna jambo moja linavyokuwa jinai upande mmoja wa bahari, na upande wa pili likawa ni mama tu.

Mpwa mdogo ndiye aliyeukata ule uongo. "Bibi, usiseme hivyo. Ni mimi, mjomba." Kisha akasema neno ambalo ndugu yangu hakulitarajia, wala mimi. Siku ile ya Segera, kila aliposimamishwa, alipokea karatasi akaikunja. Fedha hakuwa nazo. Akirudi nyumbani hulala akingoja mambo yatoke: gari lizuiwe, au mjomba apige simu. Akiwaona trafiki kwa mbali alikuwa akigeuza njia. "Nilingoja miezi miwili. Halikutokea jambo. Nikadhani mashine nayo husahau."

Ndugu yangu ananiambia kwamba neno hilo limemkaa kifuani kuliko faini zote. Hakumsamehe kijana, kwa sababu msamaha huombwa, na kijana hakujua kama kuna wa kuombwa. Alimfundisha kwa fedha zake mwenyewe kwamba lililoandikwa hufutika. Kijana aliyefundishwa hivyo ndiye aliyefika kivukoni.

Zile 37,500 alizilipa mpwa mwenyewe, kwa muda wa wiki tatu, kidogo kidogo, akiziweka kwa bibi yake mpaka zikatimia. Mama mdogo alitaka kumwongezea elfu tano. Akakataa, na mama mdogo akakasirika kweli kweli, akasema siku hizi watoto wamejifunza ukali wa Kizungu. Hilo bado lina mzozo nyumbani.

Ndugu yangu hajaacha kuzitazama namba za gari lake usiku. Hukuta halidaiwi. Aliniambia juzi, kwa sauti ya mtu anayeona haya kidogo, kwamba siku za madeni alikuwa akijua gari limefika wapi, limepita kijiji gani na siku gani. Sasa hajui limekwenda wapi, mpaka apige simu aulize.