Doa Kavu kwenye Jani Bichi

Ukipanda kutoka ufukwe wa Ziwa Kivu hapa Gisenyi, Rwanda, kuelekea Rugerero, kisha ukaendelea hadi mashamba ya viazi ya Busasamana, hutakosa kuona jani bichi lenye doa kavu. Na ukiinua macho kutoka kwenye jani hilo utauona Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 ulioko ng'ambo ya mpaka, Kongo, ukifuka moshi. Ni rahisi kusema: ndio huo. Mlima uliotutoa majumbani ulipolipuka Januari 2002 na tena Mei 22, 2021 hauhitaji mashahidi wengi ili ulaumiwe.

Wakati mwingine lawama ni ya haki. Gesi ya salfa ikikutana na mvua hugeuka tindikali, na tindikali huunguza. Ila mlima ukiunguza hauchagui. Madoa hutokea kwa pamoja juu ya maharage, juu ya mgomba, hata juu ya gugu lililoota kando ya njia, na majani yanayochipuka baada ya hapo hutoka salama. Pepo za huku mara nyingi huusukuma moshi upande wa magharibi, kwa watu wa Rusayo na Sake, huko Kongo. Mboga zao huungua jioni ileile sisi tunapousifu moshi jinsi unavyopendeza machweo. Jambo hilo hunikalia moyoni kila ninapoutazama.

Ugonjwa una mwenendo mwingine. Wenyewe huchagua: huanza kona moja, hugusa viazi na kuyaacha mahindi, kesho yake umesogea. Ukitaka kuijua bakajani ya viazi, nenda kabla umande haujakauka, uinamishe kichwa, uligeuze jani. Pembezoni mwa baka jeusi utaona utando mweupe wa ukungu, mwembamba kuliko pumzi. Jua likipanda, utando hutoweka na linabaki baka tu, ambalo linaweza kusingiziwa chochote. Iko kweli inayojionyesha alfajiri tu, kwa aliyekubali kupiga magoti kwenye udongo uliolowa. Sijui namna ya kulitenganisha hilo na sala, wala sitaki kulitenganisha.

Kuna pia kifo kisicholetwa na adui yeyote. Udongo ukiishiwa potasiamu, kingo za majani ya zamani, yale ya chini, hukauka kwanza. Mmea hukichukua kile kidogo kilichomo ndani yao na kukipandisha kwa machipukizi. Aliyezoea kutazama juu tu ataona ujani na kusema shamba lina afya, kumbe wazee wamekwisha kutoa. Na liko doa jingine, dogo kama kichwa cha sindano: seli zinapoingiliwa na kimelea, zile za mahali pale hufa zenyewe haraka, ili mvamizi akwame kwenye tishu iliyokufa na asifike kwa nyingine. Tunaliona doa, tunasema jani limeshindwa. Pale pale ndipo liliposhinda. Waislamu wa mji huu wanaamini kwamba hakuna jani linaloanguka bila Mungu kulijua. Mimi huongeza kwamba hakuna doa lisilo na habari yake mbele zake, nasi tumepewa macho ya kuitafuta.

Habari iliyo nzito kuliko zote hapa ni ya migomba. Mnyauko bakteria, ambao wakulima wetu wanauita kirabiranya, ulijulikana kwanza Ethiopia mwaka 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huohuo Masisi, Kongo. Mwaka 2005 ukaripotiwa Rwanda, na ulianzia upande wetu huu wa Rubavu. Majani hulegea na kuwa manjano, mkungu huiva kabla ya wakati. Kata ndizi moja: ndani nyama ina madoa ya rangi ya kutu. Kata shina, usubiri kidogo: usaha wa manjano hafifu huanza kutoka kwenye jeraha. Mnyauko fuzari nao hulegeza majani, ila hautoi usaha huo wala hauchafui ndizi kwa ndani. Dakika chache za kusubiri mbele ya shina lililokatwa ndizo zinazotofautisha.

Wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba huubeba mnyauko bakteria. Lakini mbebaji mwingine mkubwa ni panga: panga la yule anayepogoa majani makavu, anayepunguza machipukizi, anayepita mgomba hadi mgomba kwa sababu anaipenda migomba yake. Shamba lililotelekezwa halifikiwi na panga. Nimelifikiria hili mbele ya wagonjwa wengi ninaowatunza, na mbele ya maneno yangu ambayo hutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kupitishwa motoni kama panga linavyopaswa.

Zamani agizo lilikuwa kung'oa shina na machipukizi yake yote, hata shamba zima, na familia iliyokuwa ikila ndizi ikabaki na udongo mtupu. Utafiti wa baadaye, ukiwemo wa Kivu Kusini, ulionyesha kwamba bakteria hawafikii kila mara machipukizi yote ya tunguu moja. Basi hukatwa shina lile tu lililougua, chini kabisa usawa wa ardhi, na yaliyobaki huachwa. Ua dume huvunjwa kwa kijiti chenye panda, bila chuma kugusa. Panga hupashwa moto au husafishwa kwa jiki kabla ya kugusa shina la pili. Baada ya hapo mkulima hurudi tena na tena kwa miezi, kwa maana chipukizi linaweza kuubeba ugonjwa muda mrefu bila kuonyesha dalili, na lile analoliacha leo huenda akalazimika kulikata msimu ujao.